Hukumu ya Bufkin na askari wetu wanaojibu "salama"

Tarehe 5 Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Bufkin dhidi ya Collins. Majaji saba walikubaliana, wawili wakapinga, na haikuchukua muda habari ikawa imefika kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliowahi kuvaa sare za jeshi la Marekani. Ilifika ikiwa imepinda. Ujumbe niliotumiwa mimi ulidai kwamba VA, ile Idara ya Masuala ya Maveterani, hailazimiki tena kumpa askari faida ya shaka, yaani kumpendelea pale ushahidi unapokaribia kulingana, kwa hiyo aliyepewa asilimia ndogo ya ulemavu, ile inayoamua fidia yake, kwa ugonjwa wa akili atulie nayo, kwani rufaa ni kujichosha bure. Tangu hapo nimeusikia mara nyingi, nje ya kanisa baada ya ibada na kwenye simu za watu ninaowaheshimu, na kila mara nimeona jinsi unavyomkatisha tamaa mtu ambaye tayari ana sababu nyingi za kukata tamaa.

Hukumu hiyo haikufunga mlango wa rufaa. Ilichofanya ni kuuteremsha uzito wa rufaa kutoka kwa majaji walio juu hadi kwenye jalada linaloandikwa chini kabisa, siku ile askari anapokaa mbele ya mwanasaikolojia na kuulizwa hali yake. Huko chini ndiko sisi watu wa Kiswahili tunakoumia, kwa sababu tumelelewa kujibu "nzuri" hata kama usiku mzima hatukulala.

Tuanze na asilimia zenyewe, maana ndizo zisizoeleweka zaidi. Madhara ya akili yaliyotokana na utumishi wa jeshi, yawe PTSD (maradhi ya akili yanayomfuata mtu baada ya tukio la kutisha), sonona, wasiwasi uliokithiri au yote kwa pamoja, yanapimwa kwa jedwali moja lililo katika kifungu cha 4.130 cha kanuni za VA. Jedwali hilo lina ngazi sita: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Mtu mwenye majina matatu ya ugonjwa hapewi asilimia mara tatu. Dalili zake zote zinatiwa kapu moja na kupewa ngazi moja, kwa kuwa ni marufuku kulipia dalili ileile mara mbili. Kinachopimwa ni jinsi dalili zilivyoharibu kazi ya mtu na maisha yake na watu wengine. Asilimia 30 ni ya mtu ambaye kwa jumla anajimudu ila kuna nyakati kazi inamshinda: hana raha, ana wasiwasi, usingizi wake wa shida, anasahau majina na mambo ya juzi. Asilimia 50 ni ya mtu ambaye hategemeki kazini kama zamani, anayeshikwa na hofu ya ghafla zaidi ya mara moja kwa wiki, na ambaye kuishi na watu kumekuwa kazi ngumu. Kwenye 70, mapengo yameshaingia karibu kila upande: kazini, nyumbani, katika uamuzi, katika fikra, katika hisia. Hapo ndipo jedwali linapotaja mawazo ya kujiua, hasira isiyozuilika na kuacha kujitunza mwili. Mia ni ya aliyeshindwa kabisa kufanya kazi na kuishi na watu.

Umbali kati ya ngazi hizo unaonekana mfukoni. Kwa viwango vya mwaka 2025, askari asiye na mke wala mtegemezi alilipwa dola 537.42 kwa mwezi kwa asilimia 30, na dola 1,759.19 kwa asilimia 70. Tofauti ni dola 1,221.77 kila mwezi, zaidi ya dola 14,600 kwa mwaka, na pesa hizo hazikatwi kodi. Tena kuanzia asilimia 50 askari anaingia kundi la kwanza la kipaumbele katika matibabu ya VA. Kwa hiyo tunapozungumzia asilimia ndogo tunazungumzia kodi ya nyumba, na tunazungumzia kama mtu ataweza kupunguza zamu zake ili apate nafasi ya kwenda kwenye tiba.

Kuna mambo mawili kuhusu jedwali hili ambayo karibu kila barua ya rufaa ingepaswa kuyataja. La kwanza ni kwamba dalili zilizoorodheshwa ni mifano tu. Mahakama ya Rufaa za Maveterani ilisema hivyo mwaka 2002 katika kesi ya Mauerhan: maneno "kwa mfano" yana maana yake, na askari halazimiki kuwa na kila dalili iliyoandikwa kwenye ngazi anayoiomba. La pili limo katika kifungu cha 4.126. Kinamwagiza mkadiriaji, yaani ofisa wa VA anayepanga asilimia, aangalie ushahidi wote uliomo kwenye jalada, asitegemee tu maoni ya mchunguzi kuhusu hali ya mtu katika saa ile ya uchunguzi. Kanuni yenyewe inatambua kwamba ugonjwa wa akili hupanda na kushuka, na kwamba mtu anaweza kuwa mzima Jumanne saa nne asubuhi na asiwe mzima Ijumaa usiku. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi jalada halina kitu kingine zaidi ya ile Jumanne.

Sasa hukumu yenyewe. Walalamikaji walikuwa wawili. Bufkin, aliyetumikia Jeshi la Anga mwaka 2005 na 2006, alikataliwa fidia ya PTSD baada ya madaktari kutofautiana kama kweli ana ugonjwa huo. Thornton, aliyekuwa Jeshi la Nchi Kavu kuanzia 1988 hadi 1991 na kushiriki vita vya Ghuba, tayari alikuwa na asilimia 50 kwa PTSD na alikuwa akidai zaidi. Yaani kesi ya Thornton ni kesi hasa ya mtu anayeona amepunjwa. Sheria ya nchi, kifungu cha 5107(b), inasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, askari ndiye apewe. Swali lililofika mbele ya majaji lilikuwa hili: Mahakama ya Rufaa za Maveterani ikipokea kesi, inashika mizani hiyo na kuipima upya kwa mkono wake? Jaji Clarence Thomas, akiwaandikia walio wengi, alijibu kwamba kujua kama mizani imelingana ni suala la ukweli wa mambo kwa sehemu kubwa, na mahakama itaingilia tu pale kosa linapokuwa dhahiri. Jaji Ketanji Brown Jackson, akiungwa mkono na Jaji Neil Gorsuch, alipinga. Alikumbusha kwamba mwaka 2002 Bunge liliongeza agizo kwamba mahakama hiyo itilie maanani jinsi VA ilivyoitumia kanuni ya shaka, na kwamba tafsiri ya walio wengi inaliacha agizo hilo bila kazi.

Mimi naona Jackson alikuwa na hoja nzito zaidi. Bunge haliongezi maneno kwenye sheria ili yakae tu, na kundi hili la watu ndilo lililoishi kwa miongo mingi bila mahakama yoyote ya kuwasikiliza. Hadi mwaka 1988 uamuzi wa VA kuhusu fidia haukuwa na hakimu juu yake. Kwa hiyo wanaosema Bufkin ni hasara kwa maveterani wanasema kweli. Wanapokosea ni pale wanapodai kwamba kanuni ya shaka imekufa. Ipo, na inamfunga mkadiriaji wa kwanza kabisa, inamfunga mpitiaji aliye juu yake, na inaifunga Bodi ya Rufaa za Maveterani, ngazi ya mwisho ndani ya VA kabla ya mahakama. Bodi bado inatakiwa kueleza kwa maandishi sababu za uamuzi wake, ikiwa ni pamoja na kwa nini imeukataa ushahidi uliomsaidia askari. Na kosa la kisheria, kwa mfano kumtaka askari awe na kila dalili wakati jedwali linasema "kwa mfano", mahakama bado inalipitia upya bila kumwonea haya mtu yeyote. Kilichopungua ni nafasi ya kwenda mahakamani na kusema, "Bodi ilisoma kila kitu, ila ilipima vibaya." Hoja hiyo sasa ni ngumu mno kushinda. Ndiyo maana nasema kushinda au kushindwa kwenye upimaji kunaamuliwa mapema, kule ambako karatasi bado zinaweza kuongezwa.

Nitatoa mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila kumtaja. Ni ndugu aliyekulia Nakuru, akaingia jeshini Marekani, akaendesha malori ya msafara Afghanistan. Aliniletea bahasha ya uamuzi na ripoti ya uchunguzi, tukaisoma mezani kwake jikoni. Ripoti ilisema amevaa nadhifu. Ni kweli, aliamka saa kumi na moja alfajiri kupiga shati pasi, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba ofisi ya serikali haiendwi na shati lenye mikunjo. Ilisema ameajiriwa. Ni kweli, hiyo ilikuwa kazi yake ya tatu ndani ya miaka miwili, zamu ya usiku katika ghala, na aliichagua kwa kuwa hakuna anayemsemesha. Ilisema anaishi na mke wake. Ni kweli, ila mke analala chumba cha watoto tangu usiku ule alipomkaba shingo akiwa usingizini. Ilisema anahudhuria kanisa. Huwa anafika, anaegesha gari mwisho kabisa wa uwanja, anakaa humo na dirisha likiwa wazi kidogo mpaka ibada iishe, kisha anawachukua watoto na kurudi nyumbani. Ilisema mgonjwa anaendelea vizuri. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe: aliulizwa hali, akajibu "nzuri, namshukuru Mungu", akaendelea kujibu hivyo kwa dakika arobaini. Alipewa asilimia 30.

Sitaki kumlaumu mchunguzi kupita kiasi. Wengi wao wanafanya kazi chini ya makampuni yenye kandarasi ya VA, wanamwona mtu mara moja tu, na mwisho wa fomu wanatakiwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vichache vinavyofuata maneno ya jedwali. Anayesikia "nzuri" ataandika nzuri. Tatizo liko katika pengo kati ya lugha mbili za kueleza maumivu. Kwetu, kulalamika kwa mtu usiyemjua ni kujivunjia heshima, na mwanamume anayetaja hofu yake anaonekana kama amepungua. Tuna maneno ya kutosha kabisa kwa mambo haya, ila ni maneno yanayojificha. Mtu husema "nina mawazo", na Mswahili yeyote anayemsikia anaelewa kwamba huyu hali, halali, na moyo wake umelemewa. Tafsiri hiyo neno kwa neno kwa Kiingereza, na unachobaki nacho ni mtu anayefikiri. Husema "moyo unanienda mbio", akimaanisha hofu inayomshika katikati ya duka mpaka anaacha toroli na vitu vyake ndani. Husema "nimechoka", na daktari anaandika uchovu.

Zito kuliko yote ni lile la "bora Mungu angenichukua". Ndugu yangu huyu aliulizwa kama ana mawazo ya kujiua, akasema hapana, na alijibu kwa unyofu wote: yeye ni mcha Mungu, na alidhani anaulizwa kuhusu kamba au bunduki. Lakini nyumbani maneno hayo ya kutamani angebaki kule kule Afghanistan anayasema karibu kila wiki. Mwaka 2017, katika kesi ya Bankhead, mahakama ileile ya maveterani ilifafanua kwamba mawazo ya kujiua yanayotajwa kwenye ngazi ya 70 hayahitaji mpango, jaribio wala kulazwa hospitali, na kwamba hata mawazo ya kimyakimya ya kutamani usiwepo yanahesabiwa. Hiyo haina maana kwamba kila anayesema hivyo atapewa 70, maana bado hali yake nzima itaangaliwa. Ina maana kwamba sentensi ambayo wake zetu na mama zetu wanaisikia jikoni na kuijibu kwa sala ni ushahidi, na ikikosekana kwenye jalada, hakuna jaji atakayeigundua. Na kabla ya kuwa ushahidi, ni sauti ya mtu aliye hatarini. Nambari ya dharura ni 988, kisha unabonyeza 1 kuongea na watu wa maveterani. Ipigwe leo, mambo ya asilimia yatafuata.

Wapo wanaoona kwamba mimi na wenzangu tunachochea madai yasiyo ya kweli. Oktoba 2025 gazeti la Washington Post lilichapisha mfululizo wa habari kuhusu maveterani wanaoutumia vibaya mfumo wa fidia, na hoja iliyo nyuma ya habari hizo haipaswi kupuuzwa. Ugonjwa wa akili hauonekani kwenye picha ya eksirei. Sehemu kubwa ya ushahidi inatoka mdomoni mwa anayelipwa, na kuna biashara nzima ya watu wanaofundisha maneno ya kusema. Nakubali kwamba waongo wapo na kwamba kila mwongo anachafua jina la mkweli. Lakini tazameni nani anaumia katika mfumo unaoamini zaidi maneno ya saa moja. Aliyefundishwa kuigiza anatoka na asilimia kubwa, na aliyefundishwa na mama yake kuvumilia anatoka na ndogo. Dawa ya udanganyifu ni ushahidi mwingi zaidi kutoka kwa watu wengi zaidi: mke, msimamizi wa kazi, mchungaji, daktari anayemtibu kwa miezi. Ndiyo hiyohiyo dawa ya kupunjwa. Anayetaka mfumo mwaminifu na anayetaka haki ya askari mkimya wanapaswa kudai kitu kimoja.

Wapo pia wanaosema fidia inamfanya mtu akumbatie ugonjwa wake asipone. Ni hofu ambayo hata baadhi ya wazee wetu wanayo, na wanaisema kwa upendo. Mimi nawauliza: ndugu anayefanya zamu za usiku sita kwa wiki ili kulipa kodi ya nyumba, ataenda kwenye tiba saa ngapi? Na kama atapona, kanuni zinairuhusu VA kumchunguza tena na kushusha kiwango chake. Hakuna anayeomba alipwe kwa ugonjwa uliokwisha.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: usiguse, ukikata rufaa watakunyang'anya hata hiyo kidogo. Imeenea kwa sababu inafanana na busara ya kwetu ya kuridhika na kilichopo mkononi. Ila haisimami. Tangu Sheria ya kuboresha rufaa ya mwaka 2017 ilipoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, mambo ambayo VA imeshayakubali kwa faida ya askari, kwa mfano kwamba ugonjwa wake ulitokana na utumishi, yanawafunga waamuzi wanaofuata, isipokuwa kosa la wazi kabisa lithibitishwe. Kushusha malipo anayopokea mtu kuna utaratibu wake: kwanza anaandikiwa barua ya pendekezo, anapewa siku 60 kuleta ushahidi, na siku 30 kuomba asikilizwe. Kiwango kilichodumu miaka mitano kinahitaji uthibitisho wa nafuu ya kweli na ya kudumu, haitoshi siku moja nzuri. Kilichodumu miaka ishirini hakiguswi isipokuwa kilipatikana kwa ulaghai. Hatari haiwi sifuri, maana faili likifunguliwa linasomwa, na mtu aliyepata nafuu kweli afikirie kabla ya kuomba zaidi. Lakini askari ambaye hali yake ni mbaya kuliko barua inavyosema hana sababu ya kuogopa kuonyesha hali hiyo. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwa maradhi haya kilio chenyewe huwa cha matanga.

Njia ziko tatu, na uchaguzi kati yake ndio uamuzi mkubwa. Ya kwanza ni madai ya nyongeza, ambapo unaleta ushahidi mpya unaohusika. Ya pili ni kuomba ofisa wa ngazi ya juu apitie uamuzi uleule kwa karatasi zilezile. Huruhusiwi kuongeza kitu, ila unaweza kuomba mazungumzo mafupi ya simu kumwonyesha kosa lilipo. Ya tatu ni kwenda kwenye Bodi, ambako jaji anaweza kusoma jalada lilivyo, kupokea ushahidi zaidi ndani ya siku 90, au kukusikiliza ana kwa ana au kwa video. Katika njia hizo mbili za mwisho una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Madai ya nyongeza hayana ukomo, ila ukiyaleta ndani ya mwaka huohuo unalinda tarehe yako ya kuanza kulipwa, ili ukishinda malipo yarudi nyuma hadi siku uliyodai. Bodi ikikukatalia, mahakama inakusubiri kwa siku 120. Kwa kesi za akili zilizopewa asilimia ndogo, maoni yangu ni kwamba watu wetu wengi wanakimbilia Bodi mapema mno. Kama jalada lina "nzuri" peke yake, ofisa wa ngazi ya juu atasoma "nzuri", na jaji naye atasoma "nzuri". Baada ya Bufkin, kupanda ngazi na jalada tupu ni kubeba utupu huo hadi mahali ambapo hakuna wa kuujaza. Mpitiaji wa juu anafaa pale ushahidi wa ngazi kubwa ulikuwemo tayari na mkadiriaji akaupita bila kuugusa. Kwingine, anza na ushahidi.

Na ushahidi wenyewe si lazima uwe wa kitaalamu peke yake. Daktari au mwanasaikolojia anayekutibu anaweza kujaza fomu ya VA ya kupitia upya PTSD iliyokwisha kukubaliwa, akitumia maneno ya jedwali. Lakini mke, kaka, mwenzako wa kazini au mliyetumikia naye anaweza kuandika anachokiona, kwenye fomu nambari 21-10210, na sheria inataka maelezo ya watu wa kawaida yapimwe, yasitupwe tu kwa kuwa hayakuandikwa na daktari. Aandike mambo, asiandike majina ya magonjwa. Mara ngapi kwa wiki anaamka akipiga kelele. Kazi zipi ziliisha na ziliisha vipi. Lini mara ya mwisho alikaa kwenye sherehe mpaka mwisho. Asiyejua Kiingereza vizuri aandike kwa Kiswahili chake chote, kisha mtu anayezijua lugha zote mbili aitafsiri na kuweka sahihi yake kwamba ametafsiri kwa uaminifu. Barua ya Kiswahili iliyotafsiriwa vizuri ina uzito kuliko Kiingereza cha kubabaisha kisicho na kitu ndani. Na yule ambaye ugonjwa umemzuia kabisa kushika kazi ya kumtosha aulizie pia malipo ya kutoajirika, ambayo humfikisha kwenye kiwango cha mia hata kama jedwali halikumfikisha huko.

Msaada wa kufanya haya ni bure. Vyama kama Disabled American Veterans, American Legion na Veterans of Foreign Wars vina maofisa walioidhinishwa na VA, na kaunti nyingi zina ofisa wao wa maveterani. Mwanasheria aliyeidhinishwa anaruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa haki, na zaidi ya theluthi moja huhesabiwa kuwa nyingi mno. Kampuni isiyo na idhini inayokudai mara tano au sita ya nyongeza yako ya mwezi haiko katika utaratibu huo. Naandika hili kwa hasira kidogo, kwa sababu nimeona mikataba hiyo ikizungushwa kwenye mikusanyiko yetu na watu wa kwetu.

Mpango wa MAVNI, wa kuwaandikisha jeshini wahamiaji wasio raia wenye ujuzi uliohitajika, ulioanza kupokea watu mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016, ulikitaja Kiswahili waziwazi miongoni mwa lugha ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji. Nchi ilijua thamani ya lugha hii ilipotaka askari. Sisi tulio karibu nao tunaweza kuifanya lugha hiyo iwafae sasa, hasa makanisa, misikiti na vyama vya kuzikana ambavyo tayari vina orodha ya nani anaishi wapi. Jioni moja kwa mwezi, ofisa wa kaunti aalikwe, wakae wakalimani wawili, wake wapewe karatasi na kalamu na wanaume wakae chumba kingine. Nimependekeza hivyo mahali ninaposali, na mwitikio wa akina mama ulikuwa mkubwa kuliko wa waume zao.

Mke wa yule ndugu aliandika barua yake mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kumsifia, baba mwema, mchapakazi, na ilikuwa mistari sita. Ya pili aliichana. Ya tatu ilikuwa kurasa nne za daftari la mtoto, kwa Kiswahili, na ilianza na ule usiku wa kukabwa shingo, ikafuata gari lililoegeshwa mwisho wa uwanja wa kanisa, kisha yale maneno ya kutamani Mungu angemchukua, na tarehe tatu alizokumbuka aliyasema. Mume aliisoma kabla haijatafsiriwa. Alikaa nayo muda mrefu, akaniuliza kama kweli ni lazima yote yaende. Nikamwambia uamuzi ni wake. Ilipelekwa yote, siku kumi na tisa kabla mwaka wake haujaisha.